Mguu wa Wamaitha

"Wariara atateremka kwa miguu," Wamaitha alisema, wala hakuinua macho kutoka kwenye pindo la gauni alilokuwa akishona. "Gauni tutalikunja tulibebe kwenye karai safi. Akifika mlangoni mwa kanisa atalivaa. Lakini ndani ya gari hilo mtoto wangu haingii."

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, mwezi wa Julai mwaka wa hamsini na tisa. Ukungu ulikuwa umetoka msituni ukaingia kijiji cha Bahati bila haraka, ukapita juu ya mashamba ya pareto na kukaa uani kwa Kahiga. Ni saa ile ambayo watu wote huonekana wamesahau walichokuwa wakifanya. Kuku walisimama kwa mguu mmoja. Katikati ya ua lilisimama gari lenyewe, boksibodi kuukuu lenye ubavu wa mbao, halijasogea tangu Machi, na manyoya ya kuku yalikuwa yamejaa kwenye viti vyake.

"Ni maili nne, Mama Wariara," Kahiga alisema. "Bibi arusi atembee maili nne kwenye matope?"

"Mimi nimetembea miezi minne."

"Breki nitazitengeneza."

"Tengeneza."

"Na wewe utapanda? Utakaa mbele, kando yangu, kama mama wa bibi arusi?"

Hapo ndipo Wamaitha alipoinua macho. Alimtazama mumewe kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma Kahiga.

"Nikipanda," aliuliza, "mikono yangu niiweke wapi?"

Tangu Machi Kahiga alikuwa ameulizwa swali hilo mara tatu, na mara zote tatu alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Safari hii alikwenda kutafuta jeki.

Kilichotokea Machi kila mtu Bahati alikijua, au alidhani anakijua. Kahiga na mkewe walikuwa wakiteremka na kabichi kwenda sokoni Nakuru. Walipofika Kona ya Tangi breki za mbele zikalegea, kanyagio likazama hadi sakafuni, na gari likatoka barabarani, likavunja ua wa Mzee Nderitu na kuingia katikati ya pareto yake. Hakuna aliyekufa. Wamaitha aliteguka bega. Wale waliokimbilia pale wanasema jambo la kwanza walilokutana nalo halikuwa moshi wala vilio, bali harufu tamu ya nyama ya kuchoma, tena nyama iliyonona, mpaka mmoja akauliza ni nani anayefanya sherehe. Mzee Nderitu, ambaye ni mzee wa kanisa na hupenda kujua mambo kabla ya wengine, alimshika Kahiga mkono na kuuliza kulikoni. Kahiga alikuwa amesimama kwenye maua meupe ya pareto hadi magotini. Akasema, "Mama Wariara alinishika usukani."

Kauli hiyo aliisema mara moja tu. Hakuipanga. Alikuwa amemwendeshea mzungu gari miaka kumi na minane bila hata kukwaruza mlango, na mdomo ulifunguka wenyewe ukamkinga, naye akauacha. Kufikia Jumapili, kanisa zima lilikuwa na jina jipya la Wamaitha.

* * *

Kuinua gari ilikuwa kazi rahisi. Kahiga alizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akapiga jeki upande wa kushoto, akaweka gogo chini ya chasisi kwa sababu jeki hiyo hakuiamini. Kufungua nati zilizoshika kutu kulimchukua muda na jasho. Halafu akakaa chini, spana mkononi, akalitazama gurudumu.

Ukweli ni kwamba hajawahi kufungua breki maishani mwake. Kwa mzungu palikuwa na fundi wa kutoka mjini. Kazi ya Kahiga ilikuwa kuendesha, na kila Jumamosi kupaka: kupaka grisi, kupaka viti vya ngozi, kupaka bawaba za milango. Mzungu alipokuwa akiondoka kurudi kwao alimpa gari lile na kumwambia, "Kahiga, wewe paka tu, litakuzika." Na Kahiga alipaka. Huyu ni mtu ambaye hata lango la zizi lake halilii.

Fundi wa mjini alikuwa ametaka shilingi themanini, na arusi ilikwisha kuzila. Tena siku haikuweza kusogezwa. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijafutwa, na karatasi ya kuruhusu msafara wa arusi kuteremka ilikuwa imegongwa muhuri wa Jumamosi, Jumamosi peke yake. Kwa hiyo alikuwa na alasiri hii na kesho yake.

Alipolitoa gurudumu na kupiga ngoma ya breki, bakuli la chuma lililo nyuma yake, kwa nyundo ya mbao ili itoke, ililia. Mlio wake ulikuwa mrefu na mwembamba, ukaenda ndani ya ukungu na kurudi. Kahiga akasahau haraka yake. Akapiga tena, polepole, akisikiliza. Akaona kama yuko tena katika barabara ya mzungu, asubuhi, ziwa la Nakuru likiwa chini kule na ukingo wake wa waridi, na gari likiteremka bila sauti, na yeye akiwa kijana ambaye hajawahi kusema uongo wowote wa maana.

"Unagonga kengele ya arusi mapema!" sauti ilisema kutoka njiani. Alikuwa Mzee Nderitu, ameegemea ua, koti limemjaa matone. "Hizo breki hazina shida, Kahiga. Tatizo tumelijua. Funga mama kamba mikononi, basi."

Akacheka akaenda zake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Kahiga aliona kivuli cha mkewe kimesimama humo ndani, halafu hakikuwapo.

Akavuta ngoma. Ikatoka. Na harufu ikatoka nayo.

Haikuwa harufu ya grisi. Ndani ya ngoma, na juu ya viatu viwili vya breki vilivyojikunja kama mabano, palikuwa na mafuta yaliyoganda, meupe pembeni na ya kahawia katikati mahali yalipoungua. Kahiga aliyagusa kwa kidole. Yakayeyuka kwa joto la ngozi yake. Hakuwa na haja ya kuyanusa tena, lakini aliyanusa.

Mafuta ya kondoo. Nyumbani kwao, tangu kuzaliwa kwake, hapakuwa na kitu ambacho mafuta ya kondoo hayakukifaa. Mtoto mchanga alipakwa. Mshipi wa ngozi ulipakwa, na kisigino kilichopasuka, na mpini wa panga. Februari mkebe wa grisi ulipokwisha na duka halina, alichukua kibuyu cha mkewe kilichoning'inia juu ya meko, akafungua vifuniko vya magurudumu ya mbele, akayashindilia mafuta mpaka yakafurika, akasema moyoni mwake kwamba mafuta ni mafuta. Alijisikia mwerevu. Hata alipiga mluzi. Breki zilipopata moto kwenye mteremko, mafuta yaliyeyuka yakamwagikia mahali pale ambapo hapatakiwi tone lolote.

Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa. Miezi minne alikuwa akijiambia kwamba ni gari limezeeka, ni bahati mbaya, kwa hiyo ule uongo mdogo haukumwibia mtu kitu. Sasa aliona aibu hadi masikio yakapata moto.

* * *

Duka la Mhindi Kanji lilikuwa kwenye soko la Bahati, na ndani yake mtu alipata kila kitu kuanzia sukari hadi kioo cha taa ya gari. Mkewe Daksha alikuwa akipima unga upande mmoja. Kahiga aliweka viatu vya breki kwenye kaunta, vimefungwa kwa gazeti, akakohoa.

"Bwana Kanji, tazama hizi. Nadhani zimezeeka tu."

Kanji alifungua gazeti, akainama, akaruka nyuma hadi rafu ikatikisika.

"Toa! Toa kwa kaunta yangu! Hii iko mnyama!"

"Ni breki, Bwana Kanji."

"Iko kondoo! Mimi hapana kula nyama toka kuzaliwa, lakini pua yangu najua. Kila Jumapili hapa Bahati pua yangu najua." Alichukua fimbo ya kupimia kitambaa akavisukuma vile viatu taratibu hadi ukingoni, vikaangukia mikononi mwa Kahiga. Daksha aliacha unga, akaja na kitambaa cha maji, akafuta kaunta mara tatu bila kusema neno. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua chumvi walitazamana.

Kanji aliosha mikono kwenye ndoo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Alimtazama Kahiga kwa muda mrefu, kama mtu anayepiga hesabu ya siku.

"Kwa hiyo siku ile," alisema kwa sauti ya chini, "mama hapana shika usukani."

Kahiga alitazama nje. Ukungu ulikuwa umefunika barabara yote, na punda mmoja alikuwa akipita humo akionekana hana miguu.

"Nipe laini mpya za kuvalisha viatu hivi," alisema. "Na riveti za shaba za kuzipigilia."

"Nakupa. Na raba za ndani, na chupa ya mafuta ya breki. Ya breki, Kahiga, hii hapa, ona." Akapanga vitu kimoja kimoja. "Ngoma osha na petroli, kausha. Laini usiguse na kidole chafu. Halafu mwisho iko hewa ndani ya paipu, lazima toa. Hiyo kazi ya watu wawili. Mmoja chini, fungua skrubu. Mmoja juu, kanyaga."

"Nitamtafuta mtu."

"Mtu gani? Mimi natengeneza breki ya gari yangu miaka ishirini. Nani kanyaga?" Alielekeza kidevu kwa mkewe. "Daksha. Fundi anaweza sema breki mzuri wakati iko mbaya, yeye anataka enda nyumbani kulala. Lakini bibi yako atapanda hiyo gari. Mguu yake hapana danganya."

Daksha alifunga vitu vile kwenye gazeti jipya, akavifunga tena kwa uzi. "Yeye akinikasirisha," alisema bila kutabasamu, "mimi nakanyaga vizuri zaidi."

* * *

Ijumaa ilikucha nyeupe. Wariara alikuwa amechukuliwa na shangazi yake Wachuka, kwa sababu bibi arusi hakai kwenye moshi wa nyumbani siku ya mwisho. Kahiga aliosha ngoma zote mbili kwa petroli mpaka zikang'aa. Alitoa laini kuukuu, akapigilia mpya kwa riveti, akigonga kidogo kidogo juu ya kipande cha reli, riveti baada ya riveti, akiwa amejifunga kitambaa safi mikononi. Alibadilisha raba. Alirudisha springi, moja ikamrukia na kumchana kidole gumba, akalamba damu akaendelea. Kazi ilikuwa na utulivu wake. Sauti zote zilikuwa mbali: ng'ombe, treni ya mizigo ikipanda bonde, mkewe akipepeta mahindi. Ilifika saa saba bila yeye kujua.

Halafu ikabaki hewa. Aliingia ndani ya gari akajaribu kanyagio; likazama hadi chini bila kukataa.

Alisimama mlangoni mwa jikoni. Wamaitha aliendelea kupepeta.

"Nataka mguu wako," Kahiga alisema.

"Nini?"

"Kuna hewa kwenye breki. Mtu akae juu akanyage, mwingine awe chini. Gari haliendi popote, liko juu ya magogo. Si kupanda. Ni kukaa tu."

Wamaitha aliweka ungo chini. "Na mikono?"

"Mama Wariara, tafadhali."

Alikuja. Alipangusa manyoya ya kuku kwa kanga yake, akakaa kwenye kiti cha dereva, ambako hajawahi kukaa, na mikono yake akaikunja kifuani, akaibana chini ya kwapa kama mtu mwenye baridi. Kahiga alilala chali kando ya gurudumu la mbele. Alitia paipu ndogo ya raba kwenye skrubu, upande mwingine ukaingia kwenye chupa ya jemu yenye mafuta ya breki kidogo.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Akafungua skrubu, mafuta yakaja yakikoroma, mapovu makubwa yakapanda kwenye chupa. Akafunga. "Achilia."

Wakafanya hivyo mara kumi, mara kumi na tano. Sakafu ya gari ilikuwa na tundu pale kanyagio linapopita, na Kahiga akigeuza kichwa aliona kisigino cha mkewe. Kilikuwa na mipasuko mirefu ya kutembea maili nne kwenda na maili nne kurudi, na mipasuko ile ilikuwa imepakwa mafuta, yale yale, yaking'aa kidogo. Kilishuka, kikapanda, kikashuka. Mapovu yakawa madogo. Kahiga alikitazama kisigino kile hadi macho yakamuuma, na akajua kwamba akilinyamazia jambo hili leo atalinyamazia milele.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Siku ile hukunishika usukani."

Kisigino hakikusogea. Ukungu ulipita kati ya magurudumu.

"Nishikilie au niachilie?" Wamaitha aliuliza.

"Shikilia. Hukushika kitu. Niliogopa, nikasema. Na breki ziliharibiwa na mafuta ya kondoo. Yale ya kibuyu chako. Niliyatia mimi kwenye magurudumu."

Kisha kutoka juu ikasikika sauti ambayo Kahiga hakuielewa mara moja. Wamaitha alikuwa anacheka.

"Kibuyu kilikuwa nusu," alisema. "Nikasema ni panya. Miezi minne nimetega panya, Baba Wariara. Nimeua kumi na mmoja kwa ajili yako." Kicheko kikakatika. "Fungua hiyo skrubu, mguu unachoka."

Alifungua. Mafuta yalitoka safi, bila povu hata moja.

"Achilia. Kanyaga tena."

Wamaitha alikanyaga. Kanyagio lilishuka kidogo, likagota, likawa gumu. Akalisukuma kwa nguvu yake yote, halikukubali kwenda. Alikaa hivyo kwa muda, mguu ukisukuma, na kitu kikapita usoni mwake ambacho Kahiga, akiwa chini, hakuweza kukiona.

"Zimeshika," alisema. "Nimezisikia. Mtoto atapanda."

"Na wewe?"

"Mimi nitatembea."

"Lakini nimekuambia! Nimekubali makosa!"

"Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa nimekaa hapo kando, nilijua." Alishuka, akainama mpaka uso wake ukawa chini, mbele ya uso wa mumewe. Machozi yalikuwa yamejaa, na sauti ilikuwa kali. "Kanisani nikinyoosha mkono kupokea sahani ya sadaka, Nderitu anaivuta. Anasema, taratibu, asije akatupindua. Na watu wanacheka, na wewe uko kwenye benchi la wanaume. Uko hapo, Kahiga."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini kumwita kwa jina lake. Akaenda jikoni kumalizia mahindi.

* * *

Jumamosi ukungu ulipanda mapema ukabaki juu ya msitu, na bonde lote likafunguka hadi ziwani. Wanawake wa kanisa walitangulia kwa miguu wakiimba, Wamaitha akiwa katikati yao na viatu vyeupe vya binti yake vimefungwa kwenye leso. Nyuma yao Kahiga aliteremsha boksibodi, limefungwa maua ya pareto milangoni. Wariara na shangazi Wachuka walikaa nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Gari liliteremka kama ndotoni. Kila alipogusa kanyagio liliitika mara moja, na Kahiga aliona angeweza kuteremka hivyo hadi ziwani, hadi upande wa pili wa bonde, bila kusimama wala kusema na mtu. Wazo hilo lilimpendeza sana. Mbele, kwenye Kona ya Tangi, wanawake walikuwa wamesogea pembeni kumpisha. Mzee Nderitu alikuwa langoni mwa shamba lake na familia yake yote, wamevaa tayari kwa kanisa.

Kahiga alikanyaga breki. Gari likasimama katikati ya mteremko, pale pale, na halikuteleza hata shibiri moja. Alivuta breki ya mkono, akashuka amevaa suti yake, na kwa mazoea akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha akakumbuka kwamba ni mteremko, akalihamishia mbele. Mtu alicheka. Wimbo ukaisha.

"Mzee Nderitu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akaanza tena. "Watu wa kanisa. Machi, mahali hapa, nilisema mke wangu alinishika usukani. Nilisema uongo. Hakushika kitu."

Shangazi Wachuka alitoa kichwa dirishani.

"Breki ziliteleza kwa sababu yangu. Nilitia mafuta ya kondoo kwenye magurudumu."

Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti: "Ndiyo maana palinukia nyama!" Na mteremko mzima ukalipuka kwa kicheko. Walicheka wakashikana mabega. Mzee Nderitu alicheka hadi akavua kofia. "Dereva wa miaka kumi na minane!" alipiga kelele. "Alikuwa anatuchomea kondoo!" Jina jipya lilikuwa limezaliwa, na Kahiga alijua ni lake, na atalibeba mpaka kaburini. Alisimama akalipokea, mikono imelegea pembeni.

Wamaitha peke yake hakucheka. Alitoka katikati ya wanawake, akamwendea Mzee Nderitu aliyekuwa akifuta machozi kwa kofia yake, akasimama mbele yake mpaka mzee akanyamaza.

"Kesho, Mzee," alimwambia, "sahani ya sadaka nitaipitisha mimi. Kutoka benchi la kwanza hadi la mwisho."

Nderitu aliitikia kwa kichwa.

Wamaitha akafungua mlango wa mbele, akampa Wariara viatu vyake, akaketi. Kahiga aliondoa jiwe, akaingia, akashika usukani. Hakuthubutu kumtazama. Aliachilia breki ya mkono na gari likaanza kushuka, polepole, wimbo ukianza tena nyuma yao.

Walipokaribia kona iliyofuata, aliona kwa pembe ya jicho mikono ya mkewe. Ilikuwa mapajani, imefunguka. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, juu ya sakafu tupu mahali pasipo na kanyagio, ukisubiri. Kahiga akainua wake. Kona ikafika, na wote wawili wakakanyaga.